Mjomba, nitajie kipande kimoja tu

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu lililokukuta wewe huwakuta wengi. Watu wakianza kutajiana filamu wanazozipenda, hapakosi mmoja anayejikunyata. Zamu yake ikifika, husema kama ulivyosema wewe: "Ninyi mnajua picha za maana, mimi zangu ni za kupitisha wakati tu." Ukaitaja Sholay, ile picha ya Kihindi, kwa sauti ya chini, kisha ukageuza mazungumzo. Sikupata nafasi ya kukujibu, na jibu langu ni refu.

Picha yako ni ya maana, mjomba. Tena ina jambo ambalo nimelitafuta katika filamu nyingi zinazosifiwa na wataalamu, na mara nyingi nimelikosa.

Ikumbuke ile sarafu. Kila wale marafiki wawili, Jai na Veeru, wanaposhindwa kuamua la kufanya, Jai anairusha hewani na bahati inawaamulia. Tunaizoea. Inakuwa sehemu ya utani wao, nasi hatuitilii maanani tena. Kisha inarushwa kwa mara ya mwisho: Jai amejeruhiwa, risasi zinakaribia kuisha, na lazima mmoja abaki kuwazuia majambazi ili mwenzake aondoke na Basanti, mpenzi wa Veeru. Sarafu inaamua Jai ndiye abaki. Jai anabaki, na anakufa. Hapo ndipo Veeru anapoitazama na kugundua kwamba pande zake zote mbili ni sawa. Haikuwahi kuwa bahati. Tangu mwanzo ilikuwa ni Jai mwenyewe akichagua, akijificha nyuma ya sarafu ili rafiki yake asibishe. Filamu yenye zaidi ya saa tatu inageuka maana papo hapo, na hakuna anayesimama kutueleza. Ramesh Sippy, aliyeiongoza mwaka 1975, aliamini kwamba tutarudi nyuma wenyewe, kichwani mwetu, kuzihesabu upya zile mara zote sarafu ilipopaa.

Halafu kuna Radha. Jioni Jai anakaa barazani akipuliza harmonika, na yule mjane anapita akizima taa, moja baada ya nyingine. Hawasemezani. Amitabh Bachchan na Jaya Bhaduri walikuwa wameshaoana mwaka 1973, lakini humo ndani wanaigiza watu wawili wasioweza hata kusogeleana, na unaamini kabisa. Jai anapokufa, Radha anafunga dirisha. Basi. Mwongozaji mwingine angemwimbisha wimbo mzima.

Sisemi kila kitu cha Sholay kimenikaa vizuri. Vile vichekesho vya mkuu wa gereza ningevipunguza, ijapokuwa najua hapo hatutaelewana. Na mwisho wenyewe nina kinyongo nao. Katika mwisho uliopigwa kwanza, Thakur, yule mzee aliyewakodi Jai na Veeru, mtu aliyekatwa mikono, anamuua Gabbar, mkuu wa majambazi, kwa miguu yake. Bodi ya ukaguzi wa filamu ya India ikakataa, ikabidi upigwe mwisho mwingine ambamo polisi wanafika na kumchukua Gabbar. Nimeitazama miwili yote, na ule wa kwanza ndio unaolingana na uchungu wa yule mzee. Filamu inatuonesha familia yake ikiuawa mmoja mmoja, kila anayeanguka picha ikiganda juu yake, halafu polisi wanakuja dakika za mwisho kumwambia sheria itashughulikia? Sheria ilikuwa wapi muda wote huo?

Unaona jinsi ninavyoweza kuisemea picha yako? Hii ndiyo hoja yangu yote, mjomba. Tunapotajiana filamu tunazozipenda, tunaharibu mambo kwa kutaja majina matupu. Jina tupu linakuwa kama cheo: mtu anakupima nalo, nawe unampima. Lakini ukinitajia kipande kimoja, kile kinachokujia hata ukiwa unafanya kazi nyingine, hapo umenipa kitu. Kwenye kipande hakuna msomi wala asiye msomi. Kuna aliyeona na ambaye bado hajaona.

Basi nami nikupe vyangu.

Ninayoipenda kuliko zote inatoka India hiyohiyo, miaka 20 kabla ya yako. Inaitwa Pather Panchali, ya Satyajit Ray, mwaka 1955. Haina majambazi wala farasi. Kuna familia maskini kijijini Bengal: baba mwenye ndoto nyingi na kipato kidogo, mama aliyechoka, binti anayeitwa Durga, mdogo wake Apu, na bibi kizee mmoja aliyepinda mgongo. Jirani anamtuhumu Durga kwamba ameiba mkufu wa shanga. Durga anakataa. Mama yake, kwa aibu na hasira, anampiga. Jambo hilo linapita, maisha yanaendelea, mvua kubwa zinakuja, Durga ananyeshewa, anaugua homa, anafariki.

Baba hayupo siku hiyo, yuko safarini kutafuta kazi. Anaporudi hajui lolote. Anaanza kutoa zawadi alizoleta, moja moja, kwa furaha, mpaka anafika kwenye sari aliyomnunulia Durga. Mama anaishika, na uso wake unavunjika. Mdomo unafunguka kulia, lakini sauti yake hatuisikii. Badala yake unapaa muziki mkali wa ala ya nyuzi, ukichukua nafasi ya kilio. Muziki wa filamu hiyo ni wa Ravi Shankar. Nimeona vilio vingi kwenye skrini, vingine vya waigizaji hodari kweli, na hakuna kilichonipata kama hicho ambacho sikukisikia.

Lakini kipande changu hasa kinakuja baadaye kidogo. Familia inafungasha kuhama. Apu anapangua vitu rafuni, anakuta kifuu cha nazi, na ndani yake kuna ule mkufu. Kumbe Durga aliuchukua kweli. Mtoto anasimama nao mkononi. Hakimbilii kumwonesha mama wala baba. Anatoka nje, anautupa bwawani, na magugu ya juu ya maji yanaachana kidogo halafu yanarudi kujifunga. Siri ya dada yake imebaki kwake peke yake. Katika tendo hilo moja Apu anakoma kuwa mtoto, na hakuna neno linalosemwa.

Sasa weka sarafu ya Jai kando ya mkufu wa Durga. Picha mbili, moja ikiitwa ya burudani, nyingine ikifundishwa vyuoni, na zote mbili zinafanya jambo lilelile: aliyebaki hai anashika kitu kidogo cha marehemu, kitu hicho kinamwambia alichofichwa, na sisi tunaachiwa tuelewe wenyewe. Nilipoliona hilo nilikufikiria wewe. Miaka yote umekuwa ukipenda kitu kilekile ninachokipenda mimi.

Na usidhani Ray, aliyeitengeneza Pather Panchali, alikuwa mtu wa mabavu ya pesa. Ilikuwa filamu yake ya kwanza. Mpigapicha wake, Subrata Mitra, alikuwa na miaka 21 na hakuwahi kuendesha kamera ya sinema. Walianza kupiga mwaka 1952, pesa zikawa zinakatika, kazi inasimama, inaanza tena, mpaka serikali ya jimbo la West Bengal ilipoingia kuwasaidia kumaliza. Kuna kipande maarufu ambapo Durga na Apu wanakimbia katikati ya majani marefu yenye maua meupe kwenda kuliona treni. Siku ya kwanza walipiga sehemu tu. Waliporudi baada ya wiki moja, ng'ombe walikuwa wamekwishayala maua yote, ikabidi wangoje msimu mwingine uyaoteshe tena. Yule bibi kizee, Chunibala Devi, alifariki kabla filamu haijatoka. Nikiwatazama watoto wale wakikimbia huwa siwazi hayo yote, na nadhani hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi ninayoweza kuwapa.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba stelingi hafi. Basi ipo ya Akira Kurosawa, mwaka 1952, inaitwa Ikiru, ambayo stelingi wake anakufa filamu ikiwa bado na sehemu kubwa mbele yake. Ni mkuu wa idara katika ofisi ya jiji, mzee Watanabe, aliyekaa miaka 30 akigonga mihuri bila kutenda lolote. Anagundua ana saratani ya tumbo. Akina mama wa mtaa mmoja wamekuwa wakizungushwa ofisi hadi ofisi wakiomba dimbwi la maji machafu lifukiwe na watoto wajengewe uwanja wa kuchezea. Watanabe anaamua kuufuatilia uwanja huo. Halafu, ghafla, sauti ya msimulizi inatuambia amekwisha kufa.

Kinachofuata ni matanga. Wakubwa wa ofisi wameketi mbele ya picha ya marehemu, wanakunywa, wanabishana nani hasa aliyejenga uwanja. Kila mmoja anajivutia sifa. Kidogo kidogo, kwa kumbukumbu moja moja, ukweli unawashinda: ni yeye. Askari polisi anakuja kutoa heshima na kusimulia kwamba alimwona usiku wa mwisho, theluji ikianguka, akibembea polepole kwenye bembea ya uwanja aliouhangaikia, akiimba. Mwigizaji ni Takashi Shimura, na sauti yake pale inakaribia kuwa pumzi tu.

Watu wengi hukipenda kipande cha bembea, nami nakipenda. Ila kinachonirudia ni kile kinachofuata. Wale wafanyakazi, wakiwa wamelewa na kulia, wanaapa kwamba wataanza upya, watawatumikia watu kama Watanabe. Kesho yake ofisini analetwa mwananchi mwenye shida, na anaelekezwa dirisha jingine, vilevile kama zamani. Mmoja wao anasimama kwa hasira. Wote wanamtazama. Anakaa. Kurosawa angeweza kutuacha na theluji na wimbo, tukaenda kulala tumefarijika, na hakutaka. Namheshimu sana kwa hilo.

Nyingine nitakutajia kwa haraka. 12 Angry Men, ya Sidney Lumet, mwaka 1957: wanaume 12 wamefungiwa chumbani waamue kama kijana ana hatia ya kumuua baba yake, 11 wanasema anayo, mmoja anasema tuzungumze kwanza. Karibu yote inapita ndani ya chumba hicho, na usipoambiwa hutajua kwa nini kadiri inavyoendelea unahisi kubanwa. Lumet alianza na kamera juu ya usawa wa macho, akaishusha mpaka usawa wa macho, akamalizia chini yake, huku akibadilisha lenzi ili kuta zionekane zinasogea. Mwishoni unaiona hadi dari. Wewe unayependa mabishano ya haki utaifurahia, na nataka kujua ni mzee yupi kati yao aliyekukera.

Na ile ya Abbas Kiarostami wa Iran, Where Is the Friend's House?, mwaka 1987, kuhusu mtoto Ahmad aliyebeba daftari la mwenzake kwa bahati mbaya. Mwalimu ameshaapa kwamba mwenzake huyo akija tena bila kazi yake kwenye daftari, atafukuzwa. Ahmad anakimbia kilima juu, kilima chini, hadi kijiji cha pili kumtafuta, na wakubwa wote anaowakuta njiani wana maneno mengi ila hawamsikilizi. Hampati. Kesho darasani mwalimu analifungua daftari la rafiki, kazi imeandikwa, na katikati ya kurasa kuna ua dogo. Ahmad amemfanyia. Sijui filamu nyingine inayoheshimu kiasi hicho wasiwasi wa mtoto. Humo ndani daftari ni jambo zito kweli.

Ipo na ya kwetu sote tunaosema Kiswahili, Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya, mwaka 2018. Msichana mdogo, Jo, ni mgonjwa asiye na matumaini ya kupona, na anawapenda mashujaa wa filamu wenye nguvu za ajabu. Dada yake anaanza kumfanya aamini kwamba naye anazo, na kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo huo hadi kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye shujaa. Watu wasio na vifaa vya maana wanaamua kwamba mtoto huyu atajiona kwenye skrini. Ukitaka kujua kwa nini mimi nayachukulia haya kwa uzito, mtazame Jo anapotazama.

Najua utaniuliza mbona nimekwambia miisho yote. Kwa sababu nimeitazama tena na tena nikiijua, na haikupungua. Wewe mwenyewe unajua Jai atakufa, na bado unakaa mbele ya picha ile.

Ushauri wangu wa mpangilio: anza na ya Kiarostami, haifiki hata saa moja na nusu. Fuatisha ya Lumet. Ikiru uiweke siku ambayo huna haraka. Pather Panchali usiitazame peke yako, na usiiache kwa sababu mwanzo wake unakwenda taratibu. Mvua zikianza utaelewa alichokuwa anakijenga. Ikikushinda pia niambie, ila uniambie imekushinda kwenye kipande gani.

Nami nangoja cha kwako, mjomba. Achana na jina la filamu. Nitajie kipande, ukieleze taratibu, nani anaingia, nani anasimama wapi, kisha inakuwaje. Nitakwenda kukitafuta.

Msalimie mkazamjomba. Siku ile naye hakutaja yake, na namngojea.

Mpwa wako.