Pimeni injini kabla ya kusifu mabawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumze na vijana wanaojiundia ndege kwenye karakana za nyumbani, ambao picha zao magazeti yetu hutuonyesha mara kwa mara. Mabawa husifiwa, mkia hupigwa picha, lakini kuhusu nguvu ya injini tunaambiwa tu kilichoandikwa katika kitabu cha kiwanda. Kitabu hicho kinaieleza injini mpya katika hewa ya usawa wa bahari. Injini ya Volkswagen iliyokwisha kuvuta gari miaka mingi, ikifungwa rafadha (propela) pale Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake kwa wepesi wa hewa peke yake, kabla hatujahesabu uchakavu wa pistoni na ringi.

Wengi huamini wamekwisha kupima wanapoifunga ndege kwenye mti kwa kamba yenye mizani ya ndoano. Kipimo hicho si kibaya, ila kinapima injini na rafadha kwa pamoja, na mvuto ukiwa hafifu hakikuambii lawama ni ya nani; mtu anaweza kubadilisha kabureta mbili wakati kasoro ni pembe ya rafadha.

Kinachotakiwa ni dainamomita, yaani chombo cha kupimia nguvu ya injini, na fundi yeyote mzuri wa kuchomelea anaweza kuiunda. Ile ya kale, aliyoibuni Mfaransa Gaspard de Prony mwaka 1821, hubana gurudumu kwa vipande vya mbao. Kwa injini ya kilowati 40 siishauri, kwa sababu nguvu zote hizo hugeuka joto na mbao zitaungua. Afadhali rafadha yenyewe iwe mzigo, kwa kuwa inaipoza injini papo hapo. Injini hufungwa kwenye fremu ya chuma inayoegemea beringi mbili zilizo katika mstari mmoja na shafti yake, ili iwe huru kulalia upande. Rafadha inapozungushwa huku, injini hutaka kuzunguka kule, na mkono wa chuma uliochomelewa kwenye fremu huizuia kwa kukandamiza mizani. Mkono wa mita 1 ukikandamiza kilo 12 zaidi ya zile zilizosomeka injini ikiwa imezimwa, msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, ni nyutoni-mita 118 hivi. Zidisha kwa mizunguko 3,400 kwa dakika, gawanya kwa 9,549, namba ya kugeuzia jibu liwe kilowati, utapata kilowati 42, yaani nguvu farasi 56.

Hesabu ni rahisi. Kazi iko katika kuiamini mizani. Mpira wa mafuta na nyaya zikikazwa hubeba sehemu ya msokoto kimyakimya, na upepo wa rafadha ukiupiga ule mkono huongeza au hupunguza kilo ambazo si za injini. Sindano inayorukaruka hutulizwa na shokapu kuukuu ya pikipiki, mradi iwe imetolewa springi. Kabla ya kuwasha, tungika kwenye ncha ya mkono dumu la lita 20 za maji ambalo uzito wake mtupu unaujua: mizani isipoongezeka kilo 20 na uzito wa dumu, beringi zimekaza. Kipima mizunguko cha mwanga, kinachohesabu mwanga unavyokatizwa na mapanga ya rafadha, nacho kitumike nje, mchana, kwa maana taa za tyubu katika umeme wetu wa hezi 50 humeta mara 100 kwa sekunde, na chombo kilichopangwa kwa rafadha ya mapanga mawili kinaweza kusoma 3,000 hata rafadha ikiwa imesimama.

Fremu ifungwe kwenye zege, swichi ya kuzimia iwe mbali, na mtu yeyote asisimame ubavuni mwa rafadha, kwani panga likikatika huruka upande huo.

Tena nguvu za dakika moja hazitoshi. Marekani, injini ya ndege inayoombewa cheti huendeshwa kwenye majaribio ya saa 150. Sisemi kijana wa karakana afike huko, lakini saa kadhaa za kuiendesha mafuta yakiwa yamefunguliwa hadi mwisho, huku joto la silinda likiandikwa, ni haki yake kuzidai kwa injini itakayombeba. Vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kuwa na fremu moja ya namna hii kila kanda, ikatumiwa pia na wanafunzi wa magari. Na waandishi wako, Mhariri, wanapomhoji muundaji wa ndege, wamuulize injini yake ilipimwa kilowati ngapi, wapi, na kwa muda gani.

Fundi makanika,
Mbeya