Jamani, raketi za watoto wa Mikindani

Habari zenu wana Mtwara, na nyie mlioko Dar na kwingine, poleni na majukumu. Hapa ni kamati ya wazazi Mikindani, tumekuja na bakuli tena, najua mmechoka na michango ya harusi ila hii isomeni kwanza.

Kila Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, jua halijawa kali, tunawafundisha tenisi watoto wa miaka mitano mpaka nane kwenye kile kiwanja cha sementi cha netiboli. Neti yetu ni kanga imefungwa kwenye viti viwili vya plastiki, raketi ziko tatu na moja imekatika nyuzi, wengine wote wanavaa ndala mkononi wanapigia hiyo hiyo, na msicheke, wapo wanaopiga na ndala vizuri kunishinda mimi na raketi.

Mwanzo tulichemka. Ndugu mmoja alituletea mipira ya njano, ile ya wakubwa, tukashukuru weee. Sasa ile kwenye sementi inadunda inampita mtoto kichwani, anabaki anaiangalia tu, alafu muda wote anaokota mipira badala ya kucheza, na mmoja ukaenda kutua ndani ya sufuria la mama wa supu ya pweza. Tulilipa sufuria zima.

Kumbe wanaoanza wana mpira wao mwekundu, mlaini, unaenda polepole kwa kama asilimia 75 ukilinganisha na wa njano, ukidunda mtoto anauwahi usawa wa kiuno. Toka 2012 ITF, shirikisho la tenisi la dunia, hawaruhusu mpira wa kawaida wa njano kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini, kwahiyo sio sisi tunajidekeza. Uwanja wao nao mdogo, mita 11 hivi kwa tano na nusu na neti ya sentimita 80, wakati wa wakubwa una urefu wa mita 23.77. Maana yake kwenye netiboli yetu tukivipanga ubavu kwa ubavu tunapata viwanja vitatu, hatumwagi hata mfuko mmoja wa saruji, ni kuchora mistari tu.

Hesabu iko hivi: raketi fupi 16 laki sita na arobaini, mipira myekundu dazeni nne laki mbili na arobaini, neti na rangi laki na ishirini, kochi nauli na chai laki mbili. Jumla 1,200,000. Mkononi tuna 385,000.

Kuna mtu kaniambia watoto madaftari hawana mnawaletea mchezo wa matajiri. Kaka, madaftari tulichanga Januari na wewe hukutoa.

Mpeni mhazini mkononi au kwa simu, namba iko kwenye grupu la wazazi. Wenye korosho, hela ya mnada ikiingia tukumbukeni hata na buku tano. Mama wa supu keshatoa elfu mbili, kasema mwekundu ukiingia kwenye sufuria angalau atauona mapema.