Misamaha ya antivairasi kwenye kompyuta ya stesheneri

Morogoro

Swahiba wangu,

Baada ya salamu, na kukutakia heri wewe na nyumba yako, nakujulisha kwamba barua yako nimeipata pamoja na picha ya kioo cha kompyuta ya stesheneri yako, ile inayoonyesha duara likizunguka huku mteja akisubiri kuprintiwa barua ya kurasa mbili. Unaniuliza kama uizime antivairasi moja kwa moja, kwa kuwa kijana wako wa dukani ameshakata shauri kwamba ndiyo inayokula mashine, au utafute nyingine nyepesi zaidi. Naomba usifanye lolote kati ya hayo kabla ya kuimaliza barua hii, maana kosa la jamii hiyo nimeshalifanya mimi mwenyewe, na nitakusimulia.

Katika picha yako nimeona programu mbili: Microsoft Defender, iliyokuja na Windows yenyewe, na ClamWin, ambayo bila shaka uliipakua kwa kusikia kwamba ni nyepesi. Ni nyepesi kweli, nami naiheshimu, kwa kuwa injini yake ni ile ya ClamAV inayokagua barua pepe kwenye seva nyingi duniani. Lakini wepesi huo una sababu yake, nayo ni kwamba ClamWin haina ulinzi wa papo kwa papo. Hukagua unapoiamuru, au saa uliyoipangia, na mteja akichomeka flashi na kufungua faili, yenyewe haina habari. Iache kwa ukaguzi wa Jumapili ukipenda. Anayekaa mlangoni mchana kutwa ni Defender, na huyo ndiye wa kupunguziwa mzigo.

Mzigo wenyewe usiukisie, upime. Fungua PowerShell, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, kwa haki za msimamizi, andika New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\pima.etl, kisha fanya kazi zako za kawaida kwa dakika kumi hivi: fungua bango, uza kalamu, printi, nakili faili. Ukimaliza bonyeza Enter, halafu andika Get-MpPerformanceReport -Path C:\pima.etl -TopFiles 10 -TopExtensions 10 -TopProcesses 10. Utaletewa orodha ya faili, aina za faili na programu zilizomchukulia Defender muda mwingi zaidi wa ukaguzi. Kwangu mimi nilikuwa nimeapa kwamba tatizo ni picha za pasipoti, kumbe picha hazikuwemo hata katika tano za mwanzo. Iliyoongoza ilikuwa hifadhidata ya programu ya mauzo, ambayo huguswa kila risiti inapotolewa, ikifuatiwa na faili za mabango.

Sasa nije kwenye misamaha, maana ndivyo ninavyoiita ile sehemu ya Defender iliyoandikwa Exclusions. Unaweza kusamehe faili moja, folda, aina ya faili, au programu inayoendeshwa, na watu wengi huichukua minne hii kama kitu kimoja, ilhali inatofautiana sana kwa upana. Ukisamehe folda, umesamehe na folda zote zilizomo ndani yake hadi chini kabisa. Ukisamehe aina ya faili kwa kiendelezi chake, umeisamehe popote ilipo, iwe kwenye folda yako ya kazi, iwe kwenye Downloads, iwe kwenye flashi ya mtu usiyemjua. Ukisamehe programu, faili zote ambazo programu hiyo inazifungua hazikaguliwi papo kwa papo, ingawa faili ya programu yenyewe bado hukaguliwa, na ule ukaguzi uliopangwa kwa ratiba hauutambui msamaha wa namna hiyo.

Kwa hiyo umeniuliza kama unaweza kusamehe .psd na .cdr zote, yaani faili za Photoshop na CorelDRAW, kwa kuwa ni kubwa, nami nakujibu kwamba kuna njia finyu zaidi yenye faida ileile: andika njia ya folda pamoja na aina, kwa mfano D:\Kazi\Mabango\*.psd, na msamaha utabaki kwa faili za aina hiyo zilizomo ndani ya folda hiyo tu, bila hata kushuka kwenye folda zilizo chini yake. Hifadhidata ya mauzo nayo, kama inatumia SQL Server, mfumo wa hifadhidata wa Microsoft, huwa na faili za .mdf na .ldf, ambazo Microsoft wenyewe wanashauri zisamehewe, kwa kuwa antivairasi ikiishika faili hiyo wakati huduma ya hifadhidata inaamka, hifadhidata inaweza kushindwa kufunguka. Lakini .zip, .exe, .js, .vbs, .bat, .lnk na hata .docm usizisamehe kamwe, hata kipimo kikizitaja, na usiguse Temp, Downloads wala folda nzima ya Users, kwa sababu huko ndiko mgeni mbaya hupiga hodi kwanza.

Nililokuahidi kusimulia ni hili. Nilikuwa na diski ya nje niliyohifadhia mabango na kadi za harusi, faili nyingine zikifika megabaiti 600, na Windows ilikuwa ikiipa diski ile herufi E. Nikaandika E:\ katika orodha ya misamaha, na kweli mashine ikapumua, nikajiona fundi. Nilichosahau ni kwamba herufi si mali ya diski. Siku diski ilipobaki nyumbani, akaja mwanafunzi wa chuo na flashi yake nimprintie ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Herufi E ilikuwa wazi, flashi ikapewa, na msamaha wangu ukamhudumia asiyehusika. Ndani ya flashi kulikuwa na ikoni moja tu yenye mshale mdogo pembeni, yaani njia ya mkato (.lnk), na Defender kimya. Bahati yangu sikuibofya. Nilionyesha faili zilizofichwa, nikazikokota zote hadi kwenye Desktop, na papo hapo tahadhari ikatokea kwenye kona ya kioo kwamba faili ya .vbs imekamatwa, faili ileile ambayo kwenye E ilikuwa imekaa mbele ya mlinzi bila kuulizwa jina. Nilipohesabu siku nikakuta ni wiki tatu flashi za wateja zimekuwa zikipita mlango huo kila nilipoiacha diski nyumbani, nikafunga duka mapema na kukagua mashine nzima hadi usiku. Sasa diski ile nimeipa herufi R kupitia Disk Management, na msamaha unaitaja folda moja tu ndani yake.

Kuna msamaha mwingine niliouona kwenye picha yako, na huo sitauzungukia. Fundi aliyekuwekea ile programu ya usanifu isiyo na leseni aliisamehe folda yake yote ndani ya Program Files, na yamkini alikuambia kwamba antivairasi «inaionea» programu hiyo. Ondoa msamaha huo leo. Inawezekana Defender anakosea, lakini faili iliyovunjwa kufuli na mtu usiyemjua, inayokuja na maelekezo ya kumzima mlinzi kabla ya kuisakinisha, haina haki ya kuaminiwa kuliko mlinzi. Kama programu itakataa kufanya kazi baada ya hapo, Inkscape na GIMP ni za bure, na kwa mabango ya misiba na mikutano zinatosha.

Ukiongeza misamaha kwa PowerShell, tumia Add-MpPreference na siyo Set-MpPreference, kwa sababu Set hufuta orodha ya zamani na kuandika mpya juu yake. Kuiangalia orodha tumia Get-MpPreference, tena kwa haki za msimamizi. Zamani mtumiaji yeyote aliweza kuisoma, na kirusi vilevile, kikajua pa kujificha, hadi mlango huo ulipofungwa mwaka 2022. Kwa hiyo akaunti ya kijana wako wa dukani ifanye ya kawaida, isiwe ya msimamizi.

Kisha jaribu. Ipo faili ya majaribio ya EICAR, mstari mmoja wa herufi 68 usio na madhara yoyote, ambao antivairasi karibu zote zimekubaliana kuukamata kana kwamba ni kirusi. Uandike kwenye Notepad na kuuhifadhi kwenye Desktop: unapaswa kunyakuliwa mara moja. Uhifadhi tena ndani ya folda uliyoisamehe: utabaki. Kisha ujaribu kwenye flashi tupu, na hapo ndipo utakapojua kama orodha yako ina shimo kama lile langu.

Mambo mawili madogo yamebaki. Ukaguzi uliopangwa kwa kawaida huwekewa wastani wa asilimia 50 ya prosesa. Kwa mashine yako yenye diski ya kuzunguka na RAM ya gigabaiti 4, Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20 itakupa nafuu, ingawa ukaguzi utachukua muda mrefu zaidi. Pia ukaguzi kamili huziruka flashi usipoandika Set-MpPreference -DisableRemovableDriveScanning $false, hivyo mzoeze kijana kubofya flashi ya mteja kwa kitufe cha kulia na kuikagua kabla ya kuifungua.

Anza na kipimo, kisha unitumie zile orodha tatu jinsi zilivyo, hata kama hazieleweki; tutaamua pamoja ni folda gani isamehewe. Nitakuja huko Tanga mwisho wa mwezi kwa shughuli ya shangazi, nitapita dukani na flashi yenye ile faili ya EICAR, na sitakuambia nimeichomeka lini.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.