Salamu za Noeli Kutoka Chumbani kwa Bibi

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu, jamaa na marafiki wapendwa, pamoja na wanaparokia wote mliotushika mkono mwaka huu, tunawaletea salamu za Noeli ya mwaka 2025 kwa niaba ya Bibi yetu, ambaye ametimiza miaka 94 na ambaye, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, hatakuwapo kanisani kwenye Misa ya mkesha. Miguu imegoma, ndivyo anavyosema mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu anayemsema kibarua mvivu. Kwa hiyo salamu hizi zinaandikwa chumbani kwake, naye amelala nusu-usingizi, rozari ikiwa mkononi, akifumbua jicho kila anaposikia jina la mtu anayemjua.

Katika siku hizi macho yetu yote huelekea horini, kwa Mtoto na Mama yake, na ndivyo inavyopasa. Hata hivyo liturujia ya Kanisa haiwasahau wazee. Tarehe 30 Desemba, siku ya sita ndani ya oktava ya Noeli, yaani zile siku nane za kuiadhimisha, Injili inayosomwa ni ile ya Luka sura ya 2 inayomtaja Anna binti Fanueli, nabii mke aliyeishi na mume miaka saba tu kisha akakaa mjane hadi miaka 84, bila kuondoka hekaluni, akifunga na kusali usiku na mchana. Mwinjili hakuandika neno hata moja kati ya yale aliyoyasema mama huyo, ila ametuambia kwamba alimshukuru Mungu na kuwasimulia habari za Mtoto wote waliokuwa wakiutazamia ukombozi wa Yerusalemu. Simeoni, mzee aliyempokea Mtoto hekaluni, alipewa wimbo ambao Kanisa huuimba kila usiku kabla ya kulala. Anna amebaki na sifa ya kuwapo tu. Mwaka huu tumeisoma aya hiyo mapema, kwa sababu tuliposikia habari za mwanamke mzee asiyeondoka hekaluni, sote tuligeuka kumtazama mtu mmoja.

Bibi ameishi chini ya Mapapa tisa. Alibatizwa wakati wa Papa Pio XI, akajifunza sala zake Kilatini kikiwa bado lugha ya Misa, na alikuwa mama mwenye watoto wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, ulipofanyika, kuanzia mwaka 1962 hadi 1965, na kufungua mlango wa kuadhimisha Misa kwa lugha za watu. Anasema siku ya kwanza aliposikia Misa nzima akaielewa alitoka kanisani kimya, akidhani kwamba kuna kitu amekisikia ambacho hakustahili kukisikia.

Mabadiliko mengine aliyapokea, mengine hakuyapokea. Alipokomunika kwa mara ya kwanza, mkristo alipaswa kufunga tangu saa sita ya usiku, hata maji yasipite kooni. Mwaka 1953 Papa Pio XII aliruhusu maji, mwaka 1957 akapunguza mfungo huo kuwa saa tatu, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya kuwa saa moja. Tena kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa inawaruhusu wazee, wagonjwa na wale wanaowatunza kukomunika hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo moja. Tumemweleza hayo mara nyingi, na paroko naye amemweleza kwa upole. Bibi huitikia, hushukuru, na usiku wa kuamkia siku ya kuletewa Komunyo huomba kikombe cha maji kiondolewe karibu na kitanda saa sita kamili. Huyo huyo lakini, Papa Yohane Paulo II alipoongeza Matendo ya Mwanga, mafumbo matano mapya ya kutafakari, katika rozari mwaka 2002, aliyajua kwa moyo kabla ya wiki kwisha, akiwa na miaka 71, na akatuuliza sisi vijana tulikuwa tunangoja nini.

Wengi parokiani humkumbuka kwa sauti yake kwaya ilipopotea njia, lakini kazi yake kubwa ilifanyika mahali ambapo hakuna aliyemwona. Kwa miaka mingi alikuwa akifua vitambaa vya altare. Vile vilivyogusa hostia, yaani mkate wa Ekaristi, na kalisi, kikombe cha divai ya Misa, havikuchanganywa kamwe na nguo nyingine: maji ya kwanza aliyovisuuzia aliyamwaga ardhini, mahali pasipokanyagwa, kwa sababu huenda yakabeba chembe ya Ekaristi, ndipo sabuni ilipofuata. Kisha pasi. Kitambaa kinachotandazwa chini ya kalisi alikikunja kuelekea ndani, sehemu tatu kwa urefu na tatu kwa upana, ili kikifunguliwa juu ya altare kionyeshe miraba tisa iliyo sawa na chochote kilichobaki kisianguke. Alitufundisha sote, wa kike na wa kiume, na aliyekosea mkunjo alianza upya. Tulilalamika sana. Leo mmoja wetu anaifanya kazi hiyo, na anakiri kwamba bado huangalia nyuma kabla ya kukunja.

Nyumbani utawala wake ulikuwa daftari. Ni daftari la kawaida, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi, na ndani yake yameandikwa majina ya marehemu wa ukoo, kila mmoja na tarehe yake, na nyuma yao majina ya walio hai. Kila jioni alisoma ukurasa mmoja baada ya rozari. Watoto tuliokuwa tunasinzia tuliamka jina letu lilipofika, maana baada ya jina lilifuata ombi, na ombi hilo lilifichua mambo: fulani ajaliwe kusema ukweli, fulani apatane na dada yake. Hakuna aliyehitaji kugombezwa zaidi. Ndivyo alivyosuluhisha ugomvi wa urithi uliotaka kuugawa ukoo wetu. Kwa miezi kadhaa aliwataja ndugu wawili wale pamoja, kwa pumzi moja, kana kwamba ni jina la mtu mmoja, mpaka wakaona haya.

Watu humfananisha na Mtakatifu Monika, naye hukataa. Monika alimlilia mwanawe Agostino kwa miaka mingi, akamwona akibatizwa Milano siku za Pasaka mwaka 387, na katika mwaka huohuo akafariki huko Ostia akiwa na miaka 56, akiwa ameomba jambo moja tu, kwamba popote watakapokuwa wanawe wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Bibi husema kwamba Monika alionyeshwa, yeye bado. Mmoja wa wanawe aliacha kanisa akiwa kijana na hajarudi, na amemwombea kwa muda mrefu kuliko maisha yote ya Monika. Hatutaki kulipamba jambo hili. Tunachoweza kusema ni kwamba tangu macho ya Bibi yalipofifia, ni huyo mwanawe anayemsomea Injili ya siku kila asubuhi, polepole na kwa sauti, na akiulizwa hujibu kwamba anamsomea mama yake tu. Tarehe 30 atasoma habari za Anna.

Inatupasa pia kuomba radhi, nasi tunafanya hivyo mbele yenu. Kwa miaka mingi tulimwachia Bibi dini ya nyumba nzima, kama watu wanavyomwachia mmoja wao funguo. Tulipoumwa, tulipokosa kazi, tulipokaribia mitihani, tulimpelekea shida zetu aziombee, nasi tukaenda kulala. Sasa anachoka kabla ya tendo la tatu la rozari, na jioni moja alinyamaza katikati ya Salamu Maria, nasi tuliokuwa chumbani tukatazamana tukimngoja aendelee, mpaka mjukuu mdogo kuliko wote akaimalizia. Tangu usiku huo tunasali kwa zamu. Hatusali vizuri kama yeye, na yeye hatufichi.

Noeli hii inaangukia mwishoni mwa Mwaka wa Jubilei, mwaka mtakatifu wa Kanisa, ambao ulitualika tuwe Mahujaji wa Matumaini. Majimboni Jubilei inafungwa Dominika ya tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Familia Takatifu, na Roma Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro utafungwa tarehe 6 Januari 2026. Bibi hakuvuka mlango wowote mwaka huu isipokuwa wa chumba chake, lakini wasioweza kusafiri waliruhusiwa kuipata rehema ya Jubilei, yaani ondoleo la adhabu za dhambi, palepale walipo, naye alilishikilia neno hilo kwa furaha ya mtu aliyepewa haki yake. Kwa hiyo mkija kumwamkia, ingieni moja kwa moja, wala msikae sebuleni mkiulizana kama ameamka. Ameamka.

Tunawatakia nyote Noeli yenye amani na Mwaka Mpya wa 2026 wenye heri, hasa ninyi mnaouguza wazee nyumbani, na ninyi mliowazika mwaka huu na mtaona nafasi tupu kwenye benchi usiku wa mkesha. Bibi ametuagiza tuwaambie kwamba anawataja kwa majina kila jioni, na kwamba wale waliobatiza watoto bila kumjulisha wamletee majina hayo kabla ya Epifania, sikukuu ya Mamajusi, yameandikwa kwa herufi kubwa, kwa sababu daftari lake limebakiza kurasa nne na anataka kujua kama aagize jingine.