Jamani, Hao Bakteria Kwenye Pakti ya Kabichi Tumewaweka Sisi Wenyewe

Jumamosi kaja mteja wetu wa siku nyingi, kashika pakti ya kabichi na karoti tulizokata asubuhi hiyo hiyo, anasoma lebo halafu ananiangalia. "We kaka, humu mmeandika kuna bakteria, mnataka kutuua?" Nilicheka ila swali ni la haki kabisa, na kwa vile sio yeye peke yake anayeuliza acha nijibu hapa.

Kabichi nzima inajilinda, ukishaikata tu yale maji yake matamu yanatoka kila kisu kilipopita na hapo ndo bakteria wanapata mlo. Sisi tunaosha mara tatu na maji ya mwisho yana klorini, lakini piga hesabu, hata ukiua 99 kwa kila 100, kama walikuwa 100,000 bado umebaki na 1,000, nao wamejibanza kwenye mikunjo ambako klorini haifiki vizuri. Mchicha ukiupika moto unamaliza kesi. Saladi nani anaipika?

Na friji haiwatishi wote. Kuna huyu anaitwa listeria, hata kwenye nyuzi 4 anazaana, polepole ila anazaana, ndo yule aliyeingia kwenye poloni, ile soseji nene ya kukata vipande, kule Afrika Kusini 2017 na 2018 wakafa watu zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga wengi. Mjamzito anaweza kuona homa ya kawaida tu kumbe mimba iko hatarini. Kama unasema hayo ni mambo ya nyama, Ujerumani 2011 ilikuwa machipukizi ya uwatu, ndio, uwatu huu huu tunaoujua, bakteria anayeitwa E. coli akaondoka na watu zaidi ya 50.

Sasa hao wa kwetu ni ukoo mmoja na wa mtindi, wanaitwa Lactiplantibacillus plantarum (zamani Lactobacillus plantarum), na kama umekunywa togwa ujue mmeshakutana. Tukishaosha na kukausha tunawapulizia kwenye mboga pamoja na maji safi ya baridi ndo tunafunga pakti. Wanawahi nafasi na ule utamu wageni wasiupate, wanatoa asidi, na wengine wanatoa na vijisumu vinavyotoboa listeria ila wewe havikudhuru.

Ninachowapendea mimi ni hiki, kwenye baridi wamelala tu ndo maana husikii ladha yoyote tofauti, ila joto likipanda wanaamka pamoja na maadui, na kwa kuwa wao ni wengi asidi yao inatangulia. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku kucha mpaka mchana, tukafungua pakti tukakuta zimechachuka zote, tukamwaga mzigo mzima. Iliuma, sikatai. Lakini bakteria kama salmonela haina harufu, mboga inakuwa nzuri tu machoni na bado ikakulaza, chachu angalau inakupigia kelele.

Ila msiwape hao viumbe sifa zisizo zao. Mboga iliyomwagiliwa maji ya mtaro hawaisafishi, dawa ya wadudu hawaitoi, na virusi kama vya homa ya ini A wala hawahusiki navyo, kwahiyo kuosha na baridi viko pale pale na sisi wafanyakazi wetu mikono wanaosha kama kawaida. Wala hatujasema pakti zetu zinatibu tumbo, anayetafuta hiyo aende kwa daktari. Na wewe mjamzito, au uliye kwenye dawa zinazoshusha kinga, chukua pakti ila mboga yake uichemshe, mimi hilo nawaambia hata kama biashara ni yangu.

Ukifika nyumbani iweke kwenye friji moja kwa moja, sio kwanza uzunguke nayo kwenye daladala mpaka jioni. Ukifungua ukakuta inanuka chachu usionje, irudishe na pakti yake tukupe nyingine, hatutaki risiti.