Barua kwa mwanangu: ndoa bila kamati

Mwanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Umeniandikia kwamba wewe na mwenzako mnataka kufunga ndoa kanisani, mle chakula na ndugu, basi. Ila mnaogopa watu watasemaje. Tuanze na yaliyo ya lazima.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inadai taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla. Siku yenyewe anatakiwa mfungishaji mwenye leseni na mashahidi wasiopungua wawili. Usharika nao utadai mafundisho ya ndoa, vyeti vya ubatizo na kipaimara, na matangazo Jumapili tatu. Anayetoka usharika mwingine aje na barua. Kwaresima sharika nyingi hazifungi ndoa, kwa hiyo mwahini mchungaji. Ukumbi haumo humo, MC hayumo, sare hazimo.

Hayo hubebwa na kamati ya harusi inayokusanya michango, na kamati nyingi huharibikia mahali pamoja: zinapanga bajeti kwa ahadi badala ya fedha iliyo mkononi. Ukumbi unalipiwa kianzio, mpambaji naye, mpishi naye. Wiki ya mwisho ahadi hazijaingia, simu hazipokelewi, maharusi wanakopa. Halafu kuna kadi: aliyetoa zaidi anapewa double ya watu wawili, wa kiasi single ya mtu mmoja, na asiyetoa anabaki nyumbani hata kama ndiye aliyekubeba mgongoni. Soma Yakobo 2, pale mwenye pete ya dhahabu anapokalishwa pazuri na maskini anaambiwa asimame, uniambie tofauti.

“Kuwaogopa wanadamu huleta mtego,” inasema Mithali 29:25. Tazama mtego huo ulivyomnasa Petro kule Antiokia, Wagalatia 2. Alikuwa akila na watu wa Mataifa, wasio Wayahudi, bila wasiwasi. Walipofika watu waliotoka kwa Yakobo akajitenga, akiwaogopa wa tohara, yaani Wayahudi. Imani yake haikubadilika siku ile, watazamaji ndio walibadilika. Tena hakuanguka peke yake, hata Barnaba akafuata. Ninyi nanyi mkiwa wawili mnajua mnachotaka. Shangazi akiingia ndipo kigugumizi kinaanza.

Sasa fanyeni hivi. Wazazi wa pande zote waambieni kwanza, ana kwa ana, kabla neno halijafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mahari msiiguse, hayo ni makubaliano ya wazee, na heshima kwao si woga. Semeni sentensi moja: “Tumeamua kufunga ndoa kanisani na kula na familia nyumbani.” Msitoe sababu. Mkisema hamna fedha, mjomba atajitolea ukumbi. Mkisema hamna muda, dada ataanzisha kamati jioni hiyo hiyo. Wakibisha, rudieni sentensi ileile kwa upole, bila kuongeza neno.

Chakula cha watu 40 hakiogopeshi: mchele kilo 7, nyama kilo 7, kachumbari, soda kreti mbili. Orodha ya wageni ifungwe kabla ya tangazo la kwanza, maana baada ya hapo kila atakayekupongeza atauliza kadi yake iko wapi. Atakayetuma fedha bila kuombwa, pokea, shukuru, ila usimwandikie kwenye daftari la michango. Daftari likishafunguliwa, kamati imezaliwa.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wa walokole zaidi: kujisifia unyenyekevu. Ukianza kubandika kwenye status kwamba ninyi hamkutaka makuu, umerudi kulekule kutafuta macho ya watu, umebadilisha nguo tu. Wala msiwaseme wenye harusi kubwa. Kadi za wenzako zikija, changia kwa uwezo wako kama zamani, hata kama wewe hukuchangiwa. Asije mtu akasema umekwepa kamati ili usidaiwe.

Mkipata Jumapili ya tangazo la kwanza nijulisheni. Shangazi yako nitamwendea mimi.

Mama yako