Uhalifu hupungua kwa sababu nyingi

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa korosho unapokaribia hapa Masasi, hurudi hoja ileile kwamba polisi wakiongezwa wizi utakwisha. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini jibu hilo halinitoshi.

Nchini Marekani, mauaji yalikuwa takriban 9.8 kwa kila watu 100,000 mwaka 1991, na kufikia mwaka 2000 yalikuwa yameshuka hadi 5.5. Wapo wanaoyasifu magereza, kwamba Marekani ilifunga watu wengi zaidi. Lakini Kanada, ambayo haikujaza magereza yake kwa kiwango hicho, nayo iliona uhalifu ukipungua katika miaka hiyohiyo. Maelezo yaliyonivutia zaidi ni ya madini ya risasi (siyo ile ya bunduki): yalipoanza kuondolewa kwenye petroli miaka ya 1970, kizazi kilichofuata kilikua kikivuta kwa kiasi pungufu sumu inayodhuru ubongo wa mtoto na uwezo wake wa kujizuia, kikafika ujanani wakati uhalifu unashuka. Watafiti bado wanabishana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, na mimi siamini kwamba inaeleza yote.

Kwetu ningetazama kwanza fedha taslimu. Mkulima anayelipwa kupitia benki chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani (korosho hukabidhiwa ghalani kwa stakabadhi, kisha huuzwa kwa mnada), hata kama malipo humchelewea, halazimiki kulaza mafungu ya noti chini ya godoro. Jeshi la Polisi litupatie takwimu za miaka 20 za kila wilaya, msimu kwa msimu, ndipo tujadili idadi ya askari.

Wako,
Msomaji, Masasi, Mtwara